Kuiandaa Kompyuta Iendeshe Madirisha Kadhaa ya Mchezo kwa Pamoja

Kabla hujaenda mjini kununua kifaa chochote, fungua madirisha mawili ya mchezo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha utazame ni kipi kinachojaa kwanza: prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda), diski au kadi ya picha. Mara nyingi ni RAM, kwa sababu kila dirisha hujichukulia fungu lake. Likila GB 2, madirisha manne yatahitaji GB 8, mbali na zile zinazotumiwa na Windows yenyewe. Kwa hiyo mimi huanzia GB 16, tena kwa vipande viwili vya GB 8, kwani ubao mama wenye njia mbili husoma vyote kwa pamoja. Hakikisha aina yake: DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4, na muuzaji mwenye haraka huenda asikukumbushe.

Zima kompyuta, chomoa waya, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli, kisha ukandamize kipande sawasawa pande zote mbili mpaka vishikizo vilie.

Diski ya SSD, yaani ile isiyo na sehemu zinazozunguka, huharakisha kufunguka kwa mchezo, basi.

Hapa Mombasa adui mkubwa ni joto na hewa ya chumvi, ambayo hugandisha vumbi kwenye feni. Usiliweke kasha karibu na dirisha linaloelekea baharini. Kadi ya picha iache mwisho, na kwanza upunguze ubora wa picha katika madirisha usiyoyatazama, jambo lisilogharimu hata shilingi.