SOMO: Kugeuza basi kuukuu la ghorofa liwe gari la sherehe la klabu (soma lote kabla ya kuuliza)

Nimelijibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hivyo naliweka hapa mara moja. Swali lenyewe ni lile lile: "Tumepata basi la ghorofa, mziki na dansi viwe juu au chini?" Chini. Kila kizito kinakaa chini, na kila anayesimama anasimama chini.

1. Basi. Tafuta lililokwisha kusajiliwa nchini. Kanuni ya KS 1515:2000 haikubali gari kuukuu la miaka zaidi ya 8 kuingizwa Kenya, kwa hivyo lile uliloliona linauzwa rahisi Uingereza lisahau.

2. Kimo. Mabasi mengi ya ghorofa ya Kiingereza yana kimo cha mita 4.3 hadi 4.4. Pima lako tairi zikiwa zimejaa upepo, ongeza sentimita 20, kisha funga ufito wa kimo hicho kwenye pikapu upite njia nzima utakayotumia. Matatizo huwa ni matawi ya miembe, nyaya za stima zinazovuka barabara kuingia madukani, na paa za vituo vya mafuta.

3. Kutu. Fungua paneli za chini nyuma ya tairi. Bodi nyingi za mabasi haya ni alumini juu ya fremu ya chuma, na kwa chumvi ya hewa yetu ya Mombasa hapo zinapogusana panafanya kazi kama betri: alumini inaliwa, unaona unga mweupe. Kwangua, piga praima, weka silanti au mpira mwembamba katikati ndipo urudishe ribiti. Ukichomelea, toa kwanza nyaya za betri na za altaneta (mashine ya injini inayochaji betri).

4. Viti. Uingereza basi la ghorofa halipewi kibali mpaka liinamishwe nyuzi 28 bila kupinduka, ghorofa ya juu ikiwa na uzito wa abiria wote na chini ikiwa tupu. Hesabu hiyo ni ya watu walioketi. Ukiling'oa viti vya juu unapata sakafu ya kama mita 8 kwa 2.2, na watu wakisimama wanne kila mita ya mraba ni 70, yaani kilo 4,550 kwa kilo 65 kila mmoja. Viti 40 vingekupa kilo 2,600. Umeongeza karibu tani mbili mahali pabaya kuliko pote, na hao 70 wanaruka kwa mdundo mmoja. Viti vya juu viache vyote. Uwanja wa dansi uwe chini, kwa plaiwudi ya mm 18 isiyoingia maji, tena gari likiwa limesimama.

5. Umeme. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu, kwa hivyo soma polepole. Basi ni volti 24: betri mbili za 12 zimefungwa mfululizo. Amplifaya ni volti 12. Kishawishi ni kuchota 12 kwenye betri moja, ile ya upande wa arthi (iliyofungwa kwenye chesisi). Usifanye. Altaneta haijui kuna betri mbili, inatoa kama volti 28 kwa zote kwa pamoja. Betri unayoichota ikibaki kwenye 12.3, ile nyingine inapokea 15.7: inachemka, inakauka maji, inatoa haidrojeni. Ile unayoichota nayo haijai kamwe, sahani zinaganda salfeti. Baada ya majuma machache zote mbili ni za kutupa, na basi haliwaki.

Mziki uwe na betri zake. Amplifaya ya wati 1,000 za kweli (si zile zilizoandikwa kwenye sanduku) ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) hunywa kama ampea 100 kwenye kilele, lakini wastani wa mziki ni theluthi yake. Jumlisha na taa za LED, weka ampea 40. Saa nne ni 160 Ah (ampea mara saa). Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo unahitaji 320 Ah: betri mbili za N200 (200 Ah kila moja), sambamba. Zichaji kwa chaja ya kutoka 24 kwenda 12 ya ampea 40, iwake tu injini ikinguruma. Kwanza hakikisha altaneta ina ampea 25 za ziada.

Waya wa mm² 50. Fyuzi ya ampea 150 iwe ndani ya sentimita 20 kutoka betri, kwa sababu fyuzi ya kwenye amplifaya hailindi waya unaoelekea huko. Arthi ifunge kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi, kamwe si kwenye paneli. Betri zikae kwenye sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje, ghorofa ya chini.

6. Moto. Vizima moto viwili, kimoja juu. Dirisha la dharura la juu lisizibwe na spika wala bango. Jenereta isiwashwe ndani: moshi wake una kaboni monoksidi, hewa inayoua bila harufu ya kukuonya.

7. Karatasi. Mabadiliko ya bodi na rangi yaingie NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya) kabla ya ukaguzi. Dereva awe na leseni ya daraja la D3 (basi kubwa) ukibeba watu kwa malipo.

MASWALI

Suka (dereva) wa Changamwe: Kwani siwezi kutoa 12 kwenye betri moja tu ya basi?
Jibu: Hatua ya 5.

Suka wa Changamwe: Fundi wangu asema matatu zote zafanywa hivyo.
Jibu: Chukua mita, injini ikinguruma, pima kila betri peke yake. Moja ikizidi 15, mwonyeshe fundi wako.

Kijana wa Bamburi: Jumla itanigharimu pesa ngapi?
Jibu: Basi sijaliona, kutu yake sijaiona. Fungua paneli kwanza, kisha rudi na picha.

Mama Rally, Nyali: Shukrani, mwalimu. Tunafikiria kukata paa tuwe wazi juu. Joto la mchana huko ndani halivumiliki. Kuna ubaya?
Jibu: Swali zuri sana, mama. Paa ndilo linaloshika kuta mbili pamoja. Ukilikata lote, bodi inacheza na vioo vya chini vinapasuka. Acha fremu ya kioo cha mbele na upinde wa nyuma, kisha pitisha skwea tyubu (bomba la chuma la mraba) juu ya kuta, pande zote mbili, mbele hadi nyuma. Kingo iwe mita 1.1 kutoka sakafuni, na watu waketi gari likienda. Toboa mifereji ya maji pembeni, ngazi iwe na mlango, la sivyo masika yatamwagikia amplifaya. Ikiwa shida ni joto tu, paka paa rangi nyeupe na uweke matundu ya hewa mawili ya paani. Ni rahisi na bodi inabaki nzima.

Mtoto wa Mji wa Kale: Besi ikipigwa paneli zote zatetemeka. Nimeweka sabufa nyuma kabisa.
Jibu: Ihamishie chini ya ngazi, ikae kwenye mpira. Paneli kubwa zibandike shuka za lami (za kuzuia mtetemo) kwa ndani, katikati panatosha. Vioo badilisha mpira.

Mama Rally, Nyali: Na feri ya Likoni?
Jibu: Maji yakipwa njia ya kushukia inakuwa mteremko mkali, na basi refu husugua mkia. Subiri maji yajae au pitia barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri. Ukirudi, osha chini ya gari kwa maji matamu siku hiyo hiyo, hasa ndani ya matao ya tairi.

Kijana wa Bamburi: Nimefungua paneli. Unga mweupe kila mahali.
Jibu: Sasa tuzungumze. Gonga fremu ya chuma nyuma yake kwa nyundo ndogo, kila futi moja. Palipo na sauti butu weka chaki, kisha nitumie picha.