Bolti za sproketi ya nyuma zinapokatika

Mara nyingi bolti ya sproketi ya pikipiki (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) hukatika kwa kulegea, si kwa kuzidiwa na mzigo. Ikiwa imekazwa sawasawa, huibana sproketi kwenye habu yake (kitovu cha gurudumu), na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaozungusha gurudumu. Nati ikilegea kidogo tu, sproketi huanza kucheza, na kila unapovuta mafuta au kuachia, shina la bolti hupindwa huku na huku mpaka linachoka. Tazama palipokatika: sehemu laini yenye mistari kama mawimbi ni ufa uliokua polepole, na sehemu yenye kukwaruza ndiyo iliyoachia mwisho.

Usiendeshe hata kama imekatika moja tu. Sproketi ikichomoka, cheni inaweza kujisokota na kulifunga gurudumu la nyuma ukiwa kwenye mwendo.

Toa gurudumu, kisha sproketi. Kabla ya kukata au kutoboa chochote, geuza habu utazame nyuma, maana baadhi ya bolti zina kichwa upande huo na hugongwa tu zikatoka. Zile zilizofungwa kwenye nyuzi za habu zimwagie mafuta ya kupenya kutu, uziache usiku kucha. Kisiki, yaani kipande cha bolti kilichobaki, kikiwa kimejitokeza, funga nati mbili, zikaze moja dhidi ya nyingine, halafu fungua kwa spana kwenye nati ya chini. Kikigoma, toa sili na raba za habu zinazopunguza mshtuko, upashe habu moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu huachia kabla ya bolti.

Kisiki kilichozama ndicho chenye kazi. Kisawazishe kwa tupa, piga alama katikati kabisa, toboa kwa biti ya milimita 3, kisha 5 kwa bolti ya M8 (yenye kipenyo cha milimita 8). Biti inayokata kinyumenyume ni bora, kwani mara nyingi huondoka na kisiki chenyewe. Kitoleo cha bolti kitumie kwa mkono mwepesi: kikivunjikia ndani, ni kigumu kiasi kwamba biti ya kawaida haikiwezi. Mwisho kabisa, toboa kwa biti ya milimita 6.8 (kwa nyuzi za M8 zilizoachana milimita 1.25) na usafishe mabaki kwa tapu, kifaa cha kukata nyuzi. Nyuzi za alumini zikiliwa, weka springi ya nyuzi, yaani waya uliosokotwa unaokuwa nyuzi mpya ndani ya tundu.

Badilisha bolti zote, kwa sababu zilizobaki zimekuwa zikibeba mzigo wa mwenzao na huenda zina nyufa usizoziona. Chagua zenye nguvu ileile ya kiwandani. Za chuma kisichoshika kutu aina ya A2-70 hung'aa, lakini ni dhaifu kuliko hata bolti za chuma za daraja la nguvu la 8.8.

Kwangua rangi yote panapokaa sproketi. Rangi husagika taratibu, na mkazo hupotea ingawa nati haijazunguka. Sproketi yenye matundu yaliyotanuka kama yai itupe. Pia kagua beringi ya habu, na raba zilizokakamaa zibadilishe, la sivyo kila mshtuko wa cheni utaishia kwenye bolti.

Kaza kwa mpangilio wa msalaba, kwa awamu tatu, hadi kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo. Weka washa mpya za kufuli, maana iliyokwisha kukunjwa hupasuka ikikunjwa tena. Pima ulegevu wa cheni pale inapobana zaidi, kisha kagua nati baada ya kilomita 100 za kwanza.