Pawabenki kwenye baiskeli, na ile taa ya nyuma inayozimika yenyewe

Juzi nilimfungia mdogo wangu pawabenki kabla hatujatoka Dar kwenda Bagamoyo. Wenzake wawili nao wakataka wafungiwe, kwa hiyo naandika mara moja.

1. Kuchagua. mAh (kipimo cha umeme ambao betri inabeba) 10,000 zinatosha safari ya siku. Namba hiyo lakini ni ya betri ya ndani, volti 3.7, na wewe unatumia volti 5. Ukitoa na umeme unaopotelea kwenye joto, unabaki na kama 6,000: simu yenye betri ya mAh 5,000 inajaa mara moja, na chenji kidogo. Zile zenye kipande cha sola mgongoni siziamini hata kidogo. Paneli yenyewe kiganja, halafu uianike betri ya lithiamu juani mchana kutwa?

2. Kufunga. Kwenye mkoba mdogo juu ya fremu, nyuma ya usukani. Viringisha kitambaa, kaza kwa mpira wa tyubu kuukuu. Waya uwe mfupi.

3. Simu. Chomeka.

4. Taa ya nyuma. Hapa ndipo niliwahi kupoteza jioni nzima. Taa inawaka, nusu dakika imezimika. Nikabadilisha waya tatu, nikamlaumu fundi, nikaifungua taa yenyewe. Kumbe taa nzima! Pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo mno. Zinadhani hakuna kilichochomekwa. Taa ndogo ya LED haivuti kitu.

Baadhi zina hali ya umeme mdogo: bonyeza kitufe mara mbili, au kishikilie, kutegemea na ya kwako. Ijaribu nyumbani kwa saa nzima, maana nyingine hujirudia hali ya kawaida zenyewe. Ujanja wa kuchomeka simu tundu la pili ili pawabenki isilale unafanya kazi mpaka simu ijae. Ikijaa, taa inaweza kuzimika, nawe huna macho kisogoni, na lori liko nyuma yako.

Mimi siku hizi natumia taa yenye betri yake ndani, naichaji tukipumzika kunywa chai. Pawabenki ni ya simu tu.

5. Mvua. Mfuko wa nailoni, mdomo uangalie chini. Waya uache ulegee kidogo kabla ya kuingia mkobani, maji yadondokee pale kwenye tumbo lake badala ya kuufuata hadi kwenye tundu. Tundu likilowa, chomoa, na usichomeke tena mpaka likauke kabisa.