Kuandaa mazingira ya kutengeneza dashibodi ya kompyuta kwa Python na PySide6, bila kumaliza bando

Mteja anataka skrini moja yenye mauzo, stoo na grafu mbili tatu, na anataka ifunguke hata intaneti ikikatika. Kazi ya namna hii mimi siifanyii kwenye kivinjari. Natumia Python na PySide6, ambayo ni Qt (maktaba ya kutengeneza programu zenye madirisha) ya Python, inayotolewa na wenyewe wanaotengeneza Qt. PyQt6 inafanana nayo karibu kila kitu, ila leseni yake ni GPL au ulipie. PySide6 inapatikana kwa LGPL, na tofauti hiyo utaiona siku utakapotaka kuuza programu bila kuweka wazi msimbo wako wote.

Maelezo yanahusu Ubuntu 22.04 au 24.04, na Windows 10 kwenda juu ya biti 64.

Hatua ya 1: Python na kinachokosekana

Ubuntu huja na Python tayari. Ongeza haya:

```
sudo apt update
sudo apt install python3-venv libxcb-cursor0
```

Hiyo libxcb-cursor0 usiiruke. Kuanzia Qt 6.5, isipokuwepo, dirisha halifunguki kwenye X11 (mojawapo ya mifumo inayochora madirisha kwenye Linux), na unaletewa ujumbe kwamba plagini ya "xcb" imeshindwa kupakiwa. Watu hufuta PySide6 na kuisakinisha upya mara kwa mara, kumbe kinachokosekana kiko kwenye mfumo, si kwenye Python.

Kwa Windows, chukua kisakinishi cha python.org, na kabla ya kuendelea weka alama kwenye kisanduku cha "Add python.exe to PATH".

Hatua ya 2: mazingira pepe (folda ya kutunzia vifurushi vya Python vya mradi huu peke yake)

```
mkdir dashibodi
cd dashibodi
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
```

Kwenye Windows, mistari miwili ya mwisho inakuwa `py -m venv .venv` na `.venv\Scripts\activate`. PowerShell ikigoma kuendesha skripti, ipe ruhusa kwa akaunti yako tu: `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`.

Ukitumia pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) nje ya mazingira haya kwenye Ubuntu 24.04, utakataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Mtandaoni utashauriwa kulazimisha kwa `--break-system-packages`. Achana na ushauri huo; Ubuntu yenyewe inaitegemea Python hiyo hiyo kwa shughuli zake.

Hatua ya 3: sakinisha unachohitaji tu

Hapa ndipo bando linapookolewa. Miongozo mingi inasema `pip install PySide6`, basi. Amri hiyo inaleta mafungu mawili: Essentials na Addons. Addons ndilo zito, kwa sababu limebeba WebEngine, yaani kivinjari kizima cha Chromium ambacho dashibodi yako haikihitaji. Madirisha, vitufe, majedwali, hata SQL na Designer, vyote vimo kwenye Essentials. Kinachowafanya wengi wachukue Addons ni QtCharts, na badala yake tutatumia pyqtgraph, ambayo kwa grafu zinazobadilika kila sekunde naipenda zaidi. psutil ni ya kusoma matumizi ya CPU kwenye jaribio la Hatua ya 4.

```
pip install PySide6-Essentials pyqtgraph psutil
```

Hakikisha Qt imeingia:

```
python -c "from PySide6.QtCore import qVersion; print(qVersion())"
```

Ikitoka namba ya toleo, songa mbele. Likija kosa, usianze kuandika dashibodi juu yake. Angalia kwanza kama jina `.venv` linaonekana mwanzoni mwa mstari wa tominali. Mara nyingi ukifungua dirisha jipya unasahau kuyawasha mazingira.

Hatua ya 4: dirisha la majaribio

Hifadhi hii kama `jaribio.py`:

```python
import sys
from PySide6.QtCore import QTimer
from PySide6.QtWidgets import QApplication
import pyqtgraph as pg
import psutil

app = QApplication(sys.argv)
grafu = pg.PlotWidget(title="Matumizi ya CPU (%)")
grafu.setYRange(0, 100)
mstari = grafu.plot(pen="y")
data = [0] * 60

def sasisha():
    data.append(psutil.cpu_percent())
    data.pop(0)
    mstari.setData(data)

saa = QTimer()
saa.timeout.connect(sasisha)
saa.start(1000)
grafu.show()
sys.exit(app.exec())
```

Endesha `python jaribio.py`. Mstari wa njano utaanza kusogea kila sekunde. Mpangilio wa `import` una sababu: PySide6 ikitangulia, pyqtgraph huifuata hiyo hiyo, haiendi kutafuta PyQt iliyobaki kwenye mashine. Tena, kazi nzito kama kusoma hifadhidata kubwa usiiweke ndani ya `sasisha`, kwani dirisha zima litaganda hadi imalizike. Ipeleke kwenye uzi mwingine kwa QThread.

Hatua ya 5: wenzako wasipakue upya

```
pip freeze > requirements.txt
pip download -r requirements.txt -d vifurushi
```

Nakili folda ya `vifurushi` pamoja na `requirements.txt` kwenye flashi. Mwenzako, akiwa na mfumo ule ule na toleo lile lile la Python, atawasha mazingira yake kisha ataandika:

```
pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt
```

Kama mnatumia Git, weka `.venv/` na `vifurushi/` kwenye `.gitignore` kabla ya komiti ya kwanza. Zikishaingia kwenye historia, kuzitoa ni kazi nyingine.