Namna ya kupongeza watumishi katika shirika la utetezi wa kisheria wa watu wenye ulemavu

Mwaka 2018 ilifunguliwa kesi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, kuhusu mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino nchini Tanzania. Hukumu ilisomwa Februari 2025. Kesi za namna hii ndizo kazi yetu, na shirika linalosubiri hukumu ndipo liwapongeze watu wake litakaa kimya miaka. Hukumu ikija, aliyeandaa viapo kashahamia kwingine na karani aliyepanga majalada kashastaafu.

Mwongozo huu ni wa mameneja na maofisa utumishi wa mashirika ya Tanzania. Aliye Kenya abadilishe sheria na tarehe, utaratibu atauona ni ule ule.

Hatua ya 1: Amueni mapema mnapongeza nini

Msianze na keki. Anzeni na karatasi. Kaeni na wanasheria, wasaidizi wa kisheria, wakalimani, watu wa mapokezi na madereva, mwandike ni kazi gani kwenu inahesabika kuwa mafanikio. Kushinda kesi kuwemo, lakini kusiwe juu ya orodha, kwa sababu uamuzi ni wa hakimu na kazi ni ya mtumishi.

Mfano: mfanyakazi kiziwi ameachishwa kazi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Msaidizi wa kisheria wa wilayani aliyegundua habari hiyo siku zimebaki chache, akatafuta mkalimani, akajaza fomu na kuiwasilisha kwa wakati, ameiokoa kesi nzima. Huyo apongezwe wiki ile ile, asisubiri tuzo.

Mwingine amemwandikia mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi barua ya kumkumbusha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka asilimia 3 ya waajiriwa wawe watu wenye ulemavu. Mwajiri akajibu, kikao kikafanyika, nafasi zikatangazwa. Mahakamani hakuna aliyefika, magazetini haikutoka. Bado ni kazi kubwa. Hata rufaa iliyoshindwa iwekeni kwenye orodha kama hoja yetu imejadiliwa ndani ya hukumu, maana kesi ijayo itaanzia hapo.

Hatua ya 2: Kusanyeni habari kila wiki

Dakika kumi za mwisho za kikao cha Ijumaa zinatosha. Kila mmoja amtaje mwenzake, asijitaje mwenyewe, na mtu mmoja aandike: nani, alifanya nini, tarehe, jalada namba ngapi. Mwisho wa mwaka mtakuwa na daftari, hamtahitaji kukumbuka.

Sipendekezi kupiga kura. Sote tunaujua mtindo wa mfanyakazi hodari wa Mei Mosi: idara inazungusha zamu, mwaka huu fulani, mwakani fulani, bahasha na cheti, makofi. Aliyepata anajua amepata kwa zamu, na aliyekosa naye anajua.

Hatua ya 3: Andika pongezi yenyewe

Hapa ndipo mashirika yetu yanapoteleza zaidi, na inashangaza, kwa kuwa kutwa nzima tunawafundisha wengine namna ya kuzungumza juu ya ulemavu. Nusu ya watumishi wetu wana ulemavu, halafu kwenye cheti tunaandika: “Licha ya kutoona, amekuwa mfano wa kuigwa.” Mfano wa nini? Kutoona si kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Tumia vipande vitatu: kitendo, ujuzi uliotumika, kilichobadilika. Linganisha na hii:

“Wakili wetu alisoma mwenendo wote wa shauri kwa programu ya kusoma skrini, akabaini kuwa shahidi mwenye ulemavu wa akili hakupewa nafasi ya kueleza kwa njia anayoiweza. Hoja hiyo ndiyo iliyoibeba rufaa.”

Programu imetajwa kwa kuwa ni sehemu ya ufundi wake. Kama isingehusika, ningeiacha. Kipimo changu ni rahisi: futa neno la ulemavu katika sentensi. Sentensi ikibaki na maana, huenda neno halikuhitajika. Ikibaki tupu, hukuwa umepongeza kazi.

Maneno “shujaa” na “amepambana na hali yake” yaache kabisa.

Hatua ya 4: Mlinde mteja

Kila mafanikio yetu yana mtu nyuma yake aliyeumizwa. Siri ya mteja haiishi kesi inapokwisha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti linalohitaji ridhaa ya maandishi. Kwa hiyo jina, picha, kijiji na hata shule visitajwe bila karatasi iliyosainiwa. Anayetumia nukta nundu asomewe au apewe nakala anayoweza kuisoma mwenyewe kabla ya kuweka dole gumba. Katika kijiji kidogo, “mama wa pacha wenye ualbino” ni jina kamili.

Usimwite mteja ukumbini aje kushukuru. Kama anataka kuja, aje kama mgeni, ale, akae, asipangiwe hotuba.

Hatua ya 5: Andaa tukio ambalo kila mtumishi atashiriki

Kagua ukumbi kwa miguu yako, usiulize kwa simu. Watakwambia pana njia ya mteremko, ukifika unakuta ngazi tatu kabla ya kuufikia. Angalia pia choo na jukwaa: kama kiti mwendo hakipandi jukwaani, vyeti vyote vitolewe chini.

Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili wa kupokezana, walipwe, na wasiwe watumishi wenu wanaopongezwa siku hiyo. Hili la mwisho linasahaulika sana: mkalimani anatafsiri sifa zake mwenyewe! Kupongeza kuwe kwa makofi na kwa mikono iliyoinuliwa na kutikiswa, vyote pamoja.

Tangazo la WhatsApp lililotengenezwa kama picha halisomeki kwa asiyeona, na ujumbe wa sauti haumfikii kiziwi. Andika maandishi ya kawaida chini yake.

Hatua ya 6: Zawadi

Zawadi ya fedha ni sehemu ya mapato ya ajira, hivyo inapita kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Mweleze mhasibu mapema. Soma mkataba wa mfadhili pia, kwani wengi hawalipii burudani. Siku mbili za mapumziko ya malipo, au ada ya kozi fupi, hupokelewa vizuri kuliko saa ya ukutani.

Hatua ya 7: Chagua tarehe

Tarehe 3 Desemba haifai. Ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, watumishi wako uwanjani tangu alfajiri. Wiki ya Sheria mwishoni mwa Januari nayo imejaa mabanda ya msaada wa kisheria. Lenga katikati ya Desemba, likizo ya Mahakama Kuu inapoanza na watu hawajaondoka kwenda kwao.

Hatua ya 8: Weka kwenye jalada

Kila pongezi iandikwe barua yenye saini ya mkurugenzi, nakala iingie jalada la mtumishi. Mikataba yetu mingi ni ya mradi na huisha fedha zinapokwisha. Barua hiyo itamsaidia anapoomba kazi kwingine, mradi iwe imetaja kazi aliyoifanya na tarehe.