Ukisimamishwa kwa mwendo kasi barabara ya Likasi
Mara yangu ya kwanza kusimamishwa kwa mwendo kasi, nikirudi Lubumbashi kutoka Likasi, mikono ilitetemeka hadi permi (leseni ya udereva) ikaangukia chini ya kiti. Usifanye kama mimi. Weka gari pembeni, zima injini, shusha kioo, salimia polisi: "Jambo, shefu." Omba kwa upole akuonyeshe kasi aliyoipima. Ikiwa ni kweli ulikimbiza, usibishane. Omba PV, ile karatasi ya polisi inayoandika kosa lako, uisome yote kabla ya kutia sahihi: namba ya gari, mahali, saa, kiasi cha faini. Yangu iliandikwa saa tatu asubuhi, na jua lilikuwa linazama! Pesa isitoke bila risiti. Na karatasi za gari zikae karibu na mkono, si kule nyuma chini ya gunia la makala (makaa).