Jinsi ya Kuongeza Siku za Mchezo Unaopendwa

Tiketi za A Raisin in the Sun, mchezo wa Lorraine Hansberry wa mwaka 1959 kuhusu familia ya Younger ya Chicago, zikianza kwisha mapema, ukumbi wa mkoani Marekani usikimbilie kutangaza siku za ziada. Anza na wasimamizi wa haki za mchezo, kwa sababu leseni hutaja tarehe na idadi ya maonyesho, na nyongeza huhitaji kibali cha maandishi. Kisha zungumza na waigizaji mmoja mmoja, maana huenda baadhi yao wamekwisha kutia saini mkataba katika mji mwingine. Hapa usiwe na haraka hata kidogo: mwigizaji wa Mama, yaani Lena, bibi mkuu wa familia ya Younger, akiondoka, familia nzima jukwaani hulegea. Mtoto anayeigiza Travis, mjukuu wa Mama, ana shule, hivyo wazazi wake waulizwe kwanza.

Kagua vifaa. Sofa inapaswa kuonekana imechakaa, lakini isivunjike. Na ule mmea dhaifu wa Mama, anaorudi kuuchukua mwishoni, uwe na wa akiba unaofanana nao jani kwa jani. Baada ya hayo, wajulishe wenye tiketi za msimu kabla ya umma.